Jitu la Napoli na Kiondo cha Njoki

Napoli, 10 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka huku ng'ambo. Natumaini goti limeacha kukusumbua, Mama hajambo, na zile ndengu mlizopanda zimeona mvua. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea, jana nilitoka bila kofia kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Bado niko hotelini kwenye chai ya asubuhi: naamka na giza, nawatayarishia wageni kahawa na mikate, na adhuhuri ikifika nimeshavua aproni.

Munene alinipigia simu kutoka Meru. Anasema amepata chumba Majengo, karibu na msikiti, na kwamba Mzee Warsame, ambaye yeye anamwendeshea pikapu, ni mtu mtaratibu sana. Nilipomuuliza anakuja lini nyumbani kuwaona, akaanza kukohoa. Unamjua kaka yangu, akibanwa na swali anakohoa. Mkemee.

Kwa simu ningekwambia haya yote upesi, lakini wewe ulishasema simu ni ya kutangaza misiba na kuulizia bei ya mbuzi, na kwamba binti wa mwalimu wa Kiswahili ataandika barua za Kiswahili mpaka kalamu imwishie. Haya, naandika.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya hapa hufungua milango bure. Basi wiki iliyopita nilikwenda Makumbusho ya Akiolojia. (Misa nilienda jioni, usianze.) Ni jumba kubwa lenye rangi nyekundu iliyofifia. Ndani kuna vitu vya miji iliyofunikwa na majivu ya mlima wa moto karibu miaka elfu mbili iliyopita: taa, vijiko, sufuria, na picha za samaki ambao mpaka leo ungetamani kuwakaanga. Nilizunguka mpaka miguu ikagoma. Natia humu picha ya kitu kimoja kilichonifurahisha kuliko vyote. Sikwambii ni nini, utajionea mwenyewe.

Mengine yote ni sawa tu. Nisalimie jirani yetu Njoki, mwambie kiondo alichonisukia ndicho ninachobebea vitabu.

Binti yako,
Wanjira


Gachoka, 12 Aprili 2024

Mama yangu Wanjira,

Nakuamkia. Na hao wageni wako wa hotelini wakiuliza kwa nini mzee mwenye mvi anamwita binti yake Mama, waeleze kwamba aliyenizaa aliitwa Wanjira, nawe ukapewa jina lake, na kwetu Mbeere jina likirudi mtu amerudi. Mkaza mwanao Winrose, yaani huyo huyo aliyekuzaa, anakusalimu na kuuliza ni mama mkwe wa namna gani asiyemtumia hata leso.

Sisi ni wazima. Mvua imekuja, ndengu zimeota, na mbuzi wa Winrose ameingia shambani kuzikagua. Goti ni lile lile. Njoki amefurahi mno kuhusu kiondo, ingawa anasema vitabu vitakitanua tumbo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Barua yako ina kofia, ina Munene, ina samaki na sufuria. Haina mtihani. Ulituambia kwamba Februari unafanya mtihani wa leseni ya kuongoza watalii makumbushoni. Nimefundisha maisha yangu yote, Mama. Mwanafunzi aliyepita huanza na matokeo, hata salamu anasahau. Aliyeanguka hunieleza hali ya hewa.

Sikuulizi. Nakupa kazi tu. Unamkumbuka vizuri yule uliyerithi jina lake? Hakuingia darasani hata siku moja katika maisha yake. Aliniletea uji shuleni akasimama nje ya ua na kibuyu chake, kwa sababu aliona hapo ndani si mahali pake. Lakini jioni alinidai kila kitu. Nikimwambia "tulisoma jiografia", ananiambia hapana, nionyeshe. Nami nilichora mito kwenye majivu ya jikoni mpaka aridhike. Nilichokielewa vibaya kilijulikana pale pale.

Kwa hiyo, kila ukienda makumbusho, niandikie kitu kimoja tu. Kieleze mpaka mimi niliye Gachoka nikione. Barua zako sasa zinasomwa Jumamosi kwenye benchi la Bundi mchinjaji, na watu wanatafuna majani yao ya muguka wakisikiliza kuliko wanavyosikiliza mahubiri. Njoki tayari anauliza: wenye hizo sufuria, siku ya ule moto, walikuwa wamepika nini? Mama yako ndiye aliyesoma, koo langu lilikuwa limekauka.

Picha imefika. Nzuri sana, huo mlima umetoka vizuri. Ila uandike kwa herufi kubwa kidogo na wino mweusi, karatasi za siku hizi ni hafifu.

Baba yako,
Kivuti


Napoli, 8 Mei 2024

Mpendwa Baba,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa benchi zima la Bundi. Leso naituma, mkaza mwanangu asinitangaze vibaya. Hapa kumepata joto na watu wameanika nguo barabarani, kamba inatoka dirisha hili mpaka lile la ng'ambo, unapita chini ya mashati ya watu.

Ndiyo, nilianguka. Haya, umenishika. Mtihani wa kuandika nilipita, nikapita wa maswali. Wa mwisho unafanywa ndani ya makumbusho. Unaokota karatasi, inataja kitu kimoja, unasimama mbele ya kitu hicho na wakaguzi wanakuwa watalii wako. Nilitaja miaka, nikataja majina ya wafalme, nikataja urefu. Nilisema yote niliyokariri, na nikaona kabisa kwamba hakuna anayeona kitu. Mama mmoja mkaguzi alikuwa anatazama viatu vyake. Niliendelea kuongea nikijua nimeshaanguka, Baba, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Novemba wanaruhusu tena. Sijajiandikisha na sijui kama nitajiandikisha. Nikifikiria kusimama pale tena nikitazamwa vile, bora mikate ya wageni mpaka nizeeke.

Lakini kazi uliyonipa nimeifanya. Jumapili nilimchagua mmoja tu. Wanamwita Herkule, mtu wa hadithi zao za zamani mwenye nguvu kuliko watu wote. Ni jitu la jiwe jeupe, ukisimama karibu nalo unaishia magotini pake. Vidole vya miguu peke yake ni kama mihogo. Ungedhani jitu hilo litakuwa limekunja ngumi. Hapana, limechoka. Limeegemea rungu lililowekwa chini ya kwapa, juu yake ngozi ya simba, na kichwa kimeinama kama mtu anayetoka kulima kutwa nzima akakuta hakuna maji nyumbani. Nilikaa sakafuni nikalitazama mpaka nikalihurumia.

Kuhusu sufuria: wengi wao hatujui walipika nini, lakini mikate ilikuwa bado ndani ya tanuri. Na pale makumbushoni kuna chumba kimoja ambacho sitakieleza. Kina picha na sanamu za watu wazima na mambo yao ya chumbani. Msiniulize.

Sasa nami nina swali. Baba, picha niliyokutumia haikuwa ya mlima. Ilikuwa ya mkate. Mkate wa miaka elfu mbili, mweusi kama makaa, wa mviringo, umechorwa vipande vinane tayari kwa kugawa, nami niliupiga kwa karibu sana mpaka umejaa karatasi nzima. Umeonaje mlima?

Binti yako,
Wanjira


Gachoka, 20 Juni 2024

Mama yangu,

Pokea salamu za nyumbani. Leso imefika na Winrose ameivaa kanisani, kisha sokoni, kisha kanisani tena. Ndengu tumevuna, si haba. Munene alikuja Jumapili na unga na sukari, akakaa kidogo akarudi Meru.

Kuanguka si kitu, nimewaona wengi wakianguka na wakainuka. Nilichopenda ni kwamba ulijua pale pale umeangukia wapi. Wengi hawajui mpaka wanazeeka.

Lile jitu limetuletea vita. Bundi anasema mtu akimchuna simba lazima aonyeshe alichomchunia, kisu kiko wapi? Wengine wanasema limechoka kwa sababu halina mke, wengine kwa sababu linaye. Lakini Njoki, aliyekuwa akisuka kamba zake, akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Umetueleza mkono wa kwenye rungu. Mkono mwingine uko wapi? Mama yako akarudia kusoma tangu mwanzo. Mkono haupo. Njoki akasema mtu aliyeinama hivyo na mkono hauonekani, basi ana kitu amekificha nyuma. Zunguka, Mama, ukaangalie, kwa sababu hapa watu hawalali.

Kuhusu chumba kile, benchi zima limekuwa na maswali ambayo mimi kama mzee wa kanisa siwezi kuyaandika.

Kuhusu picha, nilichanganya bahasha tu. Kuna mtu alinitumia kalenda yenye mlima. Usishike sana mambo madogo.

Jiandikishe Novemba. Hilo ndilo jambo kubwa.

Baba yako,
Kivuti


Napoli, 9 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Salamu kwa wote. Kuna joto la kuwatoa watu vitandani, na hoteli imejaa.

Mwambie Njoki nampigia magoti. Jumapili nilirudi kwa Herkule na nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya mara zote nilizoingia mle: nilizunguka nyuma. Mkono wa kulia uko mgongoni, Baba! Na ndani ya kiganja kuna matufaha. Nimesoma baadaye, ni matufaha ya dhahabu aliyotumwa kuyatafuta mwisho wa dunia, kazi ngumu ambayo kila mtu alijua haiwezekani. Ameshayapata. Ameshashinda! Amechoka kwa sababu amemaliza, na ushindi wenyewe ameuficha nyuma, asiyezunguka hauoni. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu mpaka askari wa mle, mzee mmoja mnene anayeitwa Ciro, akaja kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia mwanamke wa Gachoka ameona kwa masikio kitu ambacho mimi sikukiona kwa macho. Alifurahi sana, akanionyesha mahali pazuri pa kusimama.

Sasa na wewe geuka nyuma nione ulichoficha. Mistari yako inapanda juu ya karatasi kama mbuzi anayepanda kilima. Herufi zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza. Mama ndiye anayesoma kila Jumamosi, koo lako halipoi. Hakuna kalenda yoyote ya mlima, nimemuuliza Mama. Nikampigia Munene, nikamuuliza macho ya Baba yakoje. Akakohoa.

Amenieleza yote. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwamba daktari alikwambia tangu mwaka jana ni upasuaji mdogo na wewe ukasema unakwenda nyumbani kufikiria. Baba, umefikiria mpaka umeshindwa kutofautisha mkate na mlima!

Nimelia, halafu nimekasirika, na nimekumbuka mimi ni nani. Wewe mwenyewe umeniita Mama tangu nikiwa mgongoni. Ulipokuwa ukinisindikiza shule ulinibebea mfuko, ukiwaambia watu humwachi mama yako abebe mzigo. Basi sikia, mwanangu Kivuti. Mama yako anakuamuru: nenda hospitali ukatolewe huo ukungu. Mimi nisingetii ningechapwa, wewe usipotii nitakuja huko nikukute kwenye benchi la Bundi mbele ya watu.

Mama yako,
Wanjira


Gachoka, 3 Septemba 2024

Mama,

Barua ilisomwa. Kwa bahati mbaya ilisomwa Jumamosi, hadharani, kwa sababu Winrose hakuipitia kwanza, au aliipitia akanifanyia makusudi. Benchi lilicheka, kisha Bundi akasema huyo ni mama kweli.

Sitakudanganya tena. Naogopa. Nimewahi kutahiriwa bila kupepesa jicho, lakini mtu kuniletea kisu kwenye jicho lenyewe, nikiwa macho, nikikiona kinakuja, hapana. Kila nikifika mlango wa hospitali ile nauambia moyo wangu twende, unakataa. Sijaona ndengu zikichanua mwaka huu. Niliwasikia tu watu wakizisifu.

Wewe unaogopa wakaguzi, mimi naogopa daktari. Basi tufanye agano. Wewe jiandikishe usimame pale tena. Ukipita, siku ile ile nitakayopata habari Munene anipeleke hospitali ya Meru. Na nikipona nitakuja huko unionyeshe vyote, uwe mwongozaji wangu. Usipojiandikisha, mimi nabaki na ukungu wangu na wewe na mikate yako, na tusilaumiane.

Mwandiko huu nimeandika mwenyewe. Vumilia.

Kivuti


Napoli, 24 Novemba 2024

NIMEPITA!

Baba, nimepita! Umeona, sijasalimu mtu. Sasa salamu: hamjambo wote, nimepita!

Nisikilize. Alhamisi, makumbusho yale yale, na katika wakaguzi yuko yule mama wa kutazama viatu. Nikaweka mkono kwenye boksi, nikatoa karatasi, nikasoma: Herkule. Nilitamani kuwaambia nipeni kingine, hiki nitakuwa nawaibia.

Walijipanga mbele ya jitu kama walivyofanya kwa wenzangu. Nikawaambia hapana, tafadhali nifuateni, tutaanzia nyuma. Wakatazamana. Nikawauliza swali la Njoki: mtu huyu ana mikono miwili, mmoja uko kwenye rungu, mwingine uko wapi? Nikawazungusha polepole mpaka kwenye yale matufaha. Na yule mama, Baba, akasema "Aa!" kwa sauti. Mkaguzi mzima! Baadaye nikawarudisha mbele, nikawaambia sasa mtazameni uso tena, mnaona uchovu wa namna gani? Hapo sikuwa na haja ya kukariri. Walikuwa wananiuliza maswali kama watoto, wakaguzi wakasahau kuandika.

Mwishoni yule mama aliniuliza nilisomea wapi kuongoza hivyo. Nikamwambia nje ya ua wa shule, huko Mbeere. Hakuelewa, lakini alinishika mkono na mikono yake miwili.

Sasa mwanangu, zamu yako. Agano ni agano. Barua hii ikifika tu, Munene anakuja na pikapu ya Mzee Warsame, nimeshapanga naye, na safari hii hakukohoa.

Mama yako mwenye leseni,
Wanjira


Gachoka, 20 Januari 2025

Mama yangu mpendwa,

Naona.

Wacha niandike tena, kwa sababu naandika na ninaona ninachoandika: naona. Jicho la kulia walilifanya kabla ya Krismasi, la kushoto wiki iliyopita. Kisu hata sikukiona. Kulikuwa na mwanga tu na nesi kutoka Mitunguu aliyekuwa akinisimulia habari za migomba yao, na kabla hajafika kwenye mkungu daktari akasema mzee, tumemaliza. Nilitaka kumwambia anifanyie tena niogope kidogo, nione kama nilikuwa na akili.

Walipotoa kitambaa mtu wa kwanza niliyemwona ni Winrose. Nikamwambia umezeeka. Akasema na wewe jitazame. Tukacheka tukalia hapo hapo kitandani, Munene akatoka nje kukohoa.

Nimefika nyumbani nimekagua kila kitu. Mlima Kirinyaga asubuhi una theluji zaidi ya nilivyokumbuka. Ukuta wetu ni mchafu na hakuna aliyeniambia. Na nimetoa ile picha kwenye Biblia. Mkate! Mkate mtupu, na alama zake za vipande vinane, hata mtoto mchanga angeujua. Nimeupeleka kwa Bundi, umezungushwa benchi zima, na Njoki amesema aliyeuoka alikuwa na mkono mzuri.

Ninakuja. Wameamua wao, si mimi. Benchi limesema haliwezi kusikiliza makumbusho kwa barua milele, linatuma mjumbe, na mjumbe ni mimi. Wamechanga, hata wanafunzi wangu wa zamani wamo. Njoki anasuka kiondo cha kupeleka, maana ameuliza nitaingiaje nyumba ya watu mikono mitupu. Bundi alitaka kutia muguka tukamzuia. Kitakuwa na majani ya chai ya Embu. Viza nimeshaulizia, wanataka alama za vidole vyote kumi kana kwamba nakwenda kuwaibia lile jitu.

Baba yako,
Kivuti


Gachoka, 8 Juni 2025

Mama yangu Wanjira,

Nimefika salama, na salamu zako zote nimezifikisha. Winrose amepokea viatu na anakataa kuvikanyagisha mchanga. Munene alinipokea uwanja wa ndege, na nadhani amepata mchumba, kwa sababu nilipomuuliza alikohoa mpaka Thika. Ndengu za mvua hii zilichanua nikiwa kwako, lakini nyingine nimezikuta bado na maua. Nimezitazama vya kutosha.

Jumamosi ya kwanza nilikuta watu mpaka barabarani. Bundi alifunga buchari mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikawaeleza kitu kimoja kimoja kama nilivyokufundisha. Jitu nililianzia nyuma. Nikaeleza ule mkate mweusi, kwamba nilisimama mbele ya kioo nikavua kofia, kwa maana mtu aliuoka asubuhi akitegemea kuula jioni. Nikaeleza ile nyumba ya watawa juu ya kilima, walikotengeneza kwa sanamu ndogo ndogo kuzaliwa kwa Yesu katikati ya soko, na wauza samaki na mchinjaji na nyama zake ndogo ndogo. Bundi alisimama akasema: mnasikia? Mchinjaji alikuwepo! Tangu hapo haongeleki.

Wakaniuliza kile chumba. Unajua niliingia peke yangu ukiwa umenigeuzia mgongo mlangoni. Nimewaambia mle ndani ni vyungu tu. Na wewe utasema hivyo hivyo.

Kisha nikawaeleza kiondo. Nilikuaibisha asubuhi ile, najua. Lakini ningefanyaje? Tumefika mlangoni, nikamwona mzee mwenye sare safi, mnene, amesimama kama mtu aliye kwake, nikajua huyu ndiye mwenye nyumba. Nikampa kiondo kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kutukaribisha. Wewe ukaanza kunivuta koti, "Baba, huyo ni Ciro, ni askari, hapa hawapokei vitu." Naye Ciro akatazama kile kiondo, akatazama wageni waliopanga foleni nyuma yetu, akakikumbatia kama mtoto. Nikakuambia tulia, kiondo hakirudi kitupu. Ukasema hayo ni ya Mbeere.

Basi watu wa Gachoka wamekiona kiondo kilivyorudi, baada ya Ciro mwenyewe kukileta hotelini kwako asubuhi ya safari yangu: ndani yake mkate wa mviringo aliouoka mkewe, mkubwa, umechorwa vipande vinane. Ulikuwa umekauka kama tofali ulipofika hapa. Njoki akauchovya kwenye chai, akakata, na vipande vinane tukavigawa tena na tena mpaka kila mtu benchini akapata chembe yake. Tumekula mkate wa Napoli, Mama, nawe ndiye uliyeutafuta.

Halafu Njoki akauliza swali lake. Katika vyote ulivyoviona na hayo macho mapya, kipi kilikuwa kikubwa kuliko vyote? Watu walidhani nitasema jitu.

Nikawaambia kilikuwa pale mlangoni. Nilipokuwa mtoto mama yangu alisimama nje ya ua wa shule na kibuyu cha uji, na nilimwambia mara ngapi aingie akakataa, akisema pale si mahali pake. Jumapili ile nilimwona. Alikuwa na leseni shingoni. Mlango mkubwa ulifunguliwa, mwenye sare akampisha, na Wanjira akaingia wa kwanza, akageuka, akatuita sisi wote, wazungu kwa weusi, akasema karibuni, nifuateni. Na watu wote wakamfuata.

Hapo Njoki akapiga vigelegele, na wanawake wa sokoni wakamjibu bila hata kujua ni vya nini, vikasikika mpaka barabara ya Kiritiri.

Mwanao,
Kivuti